Koti Lililoponza Bega Langu

Nianze na koti, kwa sababu kila ninapomsimulia mtu habari ya bega langu, akifika hapo kwenye koti anacheka, na mimi nimechoka kulificha hadi mwisho wa hadithi. Nilifanyiwa upasuaji wa bega. Nikaambiwa nisilitumie. Nikaiharibu kazi yote ya daktari kwa kuvaa koti. Basi. Mmeshajua, chekeni, halafu mnisikilize, maana najua kuna mtu huko ameshika bega lake na anajiambia litapoa lenyewe.

Naitwa Edwin, lakini kutoka Kawangware 46 ninakopanga hadi viwanja vya Kibera hakuna aliyekuwa akiniita hivyo. Niliitwa Nyundo. Nilicheza voliboli, na kwenye timu kazi yangu ilikuwa moja tu, kuspaiki: mwenzangu anaupandisha mpira juu ya wavu, mimi naruka, nauchapa uanguke upande wa pili kabla wenyewe hawajajua umetokea wapi. Mchana nilikuwa fundi wa rangi, na kwa sababu mimi ni mrefu, mafundi wenzangu waliniachia dari zote. Kwa hiyo mkono wangu wa kulia ulishinda juu ya kichwa tangu asubuhi, na jioni ukapanda tena uwanjani. Nikiwaza sasa, nashangaa si kwamba uliumia. Nashangaa ulivyonivumilia.

Maumivu yalianzia mbele ya bega, pale kidole kinapozama ukibonyeza. Mwanzoni yalikuja nikishaoga baada ya mechi, yakaondoka. Baadaye yakawa yananisubiri nyumbani. Bega likaanza kulia, tak, kila nikizungusha mkono. Nilimeza dawa za maumivu za dukani, nikakandwa na mafuta ya moto mpaka ngozi ikabambuka, nikasema ni uchovu.

Aliyegundua ni Ramaa. Ramaa ni Ramadhani, mzaliwa wa Makina, familia yao ina duka la vitambaa hapo karibu na msikiti, na ndiye aliyekuwa akinipandishia mpira tangu tukiwa vijana wadogo. Hakuna mtu anayeujua mkono wangu kuliko yeye.

"Nyundo, niaje? Leo unapiga na mkono ama unapiga na mdomo?" aliniuliza baada ya mazoezi. "Mpira inaanguka tu hapo kwa wavu. Hata mtoi anaidaka."

"Ni uchovu tu, bro."

"Uchovu gani haiishi? Buda, enda hosi."

Sikwenda. Niliona aibu. Mtu anayeitwa Nyundo ataingiaje hospitali kusema anaumwa na mpira, kwenye foleni moja na watu wanaoumwa kweli? Nilingoja mpaka mvua ya Aprili, siku moja nikiwa juu ya ngazi napaka dari ya nyumba ya watu, nikauamuru mkono upande na mkono ukakataa. Brashi ikaniangukia usoni. Nikashuka nimepakwa rangi nyeupe toka paji hadi kidevu, na mwenye nyumba akadhani nalia. Nilikuwa nalia.

Benchi za hospitali ile kubwa ya serikali nimezikalia sana, lakini siku ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka. Kando yangu alikaa mama mmoja mzee, mguu umevimba, akaniangalia juu hadi chini.

"Na wewe kijana, una nini?"

"Bega, mama."

"Ulipigwa?"

"Hapana. Ni mchezo."

"Mchezo!" Akamgeukia aliyefuata. "Eti huyu ni mchezo." Na yule akamwambia wa pili wake, na neno likasafiri benchi nzima mpaka mlangoni. Mzee mmoja akainua shingo anione. Nikajifanya nasoma bango la kunawa mikono. Nililisoma mpaka nikalijua kwa moyo.

Baada ya kwenda na kurudi, na kulazwa ndani ya ile mashine ya picha inayogonga kama fundi wa mabati, daktari alinieleza kwa lugha nyepesi. Kuna kano, kamba ngumu inayoushika ule msuli wa mkono ambao watoto hupenda kuukunja ili waonyeshe wana nguvu. Kamba hiyo inapita mbele ya bega, na yangu ilikuwa imesuguliwa ikararuka zaidi ya nusu. Wangeikata pale juu, waishikishe chini kidogo kwenye mfupa.

"Nitacheza tena?" Hilo ndilo lililokuwa moyoni, mengine yote nilikuwa nayasikia kwa mbali.

"Ikishika, utacheza. Lakini wiki sita mkono ukae kwenye slingi. Usiinue kitu."

"Hata kikombe cha chai?"

"Hata kikombe. Ikishika utarudi uwanjani. Iking'oka, mkono utakufaa kwa kazi ndogo za nyumbani, ila kuspaiki usahau."

Nikamwambia nimeelewa. Na kweli nilielewa, hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nilipasuliwa baridi ya Juni ikianza. Nilirudi nyumbani mkono umefungwa kifuani kwa ile slingi, kitambaa cheusi chenye mkanda wa shingoni, na nikakuta kwamba mtu mzima mwenye mkono mmoja wa kushoto usiojua lolote ni mtoto tu aliyeota ndevu. Hakuna aliyeniambia hayo, kwa hiyo nawaambia. Hutaweza kufunga kamba ya kiatu. Hutaweza kukamua dawa ya mswaki bila kuichafua meza. Choo cha ploti yetu kiko mwisho wa ua, na mlango wake lazima uushikilie kwa ndani, sasa wewe utashikilia mlango ama suruali? Mke wangu Phanice alikuwa anatoka saluni anakosuka nywele za watu, vidole vimekufa ganzi, halafu anakuja kunifungua vifungo na kuniogesha kwenye karai nyuma ya pazia, chumba chetu kikiwa kimoja. Binti yetu Neema, aliyekuwa ndio kwanza amejua kukimbia, alinyoosha mikono abebwe, nami nikageuza bega pembeni. Akajifunza upesi. Akawa akinipita na kumfuata mtoto wa jirani.

"Nina watoto wawili," Phanice alisema jioni moja, akinivuta soksi. Alikuwa anatania. Nikamfokea. Majirani wakasikia, ukuta ni mabati, na kesho yake kila aliyenisalimu pale mferejini alinisalimu kwa upole uliozidi kiasi.

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja.

Asiyetoka kwetu Magharibi huenda asielewe, kwa hivyo ngoja nieleze. Kwetu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono. Hawalali chini ya paa moja, hawakai chumba kimoja. Akija njia hii, wewe unapisha. Salamu yenyewe ni ya mbali: unasimama, unauinua mkono wa kulia juu, wazi, auone, naye anainua wake, yameisha. Na mkwe haonekani mbele ya mama mkwe bila koti. Jua liwake, mvua inyeshe, wewe unavaa koti. Nimewahi kumwona mjomba wangu akikimbia nyumba kwa nyumba akiazima koti kwa sababu mama mkwe wake ameonekana akishuka barabarani.

Mama yake Phanice alikuwa amefikia kwa dada yake, muuza samaki wadogo wa omena wa Kisumu Ndogo huko Kibera, akasema kesho atakuja kumsalimu mjukuu. Kwenye simu Phanice alikuwa amemwambia nimeumia kidogo tu. Alikuwa ananilinda. Mama huyo hakuwahi kufurahia binti yake kuolewa na mcheza mpira, akasema mpira si kazi, na mimi siku ya kwenda kujitambulisha nikajigamba, nikasema mkono huu utamlea bintiye.

Asubuhi hiyo nikalishusha koti kwenye msumari. Lilikuwa la kijivu, la mtumba, zito, lenye bitana nzuri.

"Utavaaje na slingi?" Phanice akauliza.

"Nitaitoa kidogo tu. Nikishamsalimu naivaa."

"Edwin. Daktari alisema nini?"

"Daktari si mkwe wa mamako."

Akaniangalia. Akachukua Neema, akatoka nje, akaniacha na koti langu. Nikavua slingi. Nikaingiza mkono mbovu kwanza, nikautambaza ndani ya mkono wa koti polepole huku jasho likinitoka kwenye baridi ile, kisha ule mzima. Nikafunga kifungo kimoja. Nikajiangalia kwenye kioo cha kunyolea, nikaona mkwe aliyekamilika. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kama mjinga.

Nilipotoka, mama mkwe alikuwa amesimama kwenye lango la ploti, ameweka chini mfuko wa viazi vitamu aliotoka nao nyumbani, uso ameuelekeza pembeni kwa heshima. Sikuuinua mkono kwa salamu, nilijua hautapanda, nikainama tu. Lakini ule mfuko. Huwezi kumwacha mama mkwe abebe mzigo nawe umesimama na koti lako. Na huwezi kuupokea mzigo wake kwa mkono wa kushoto, hiyo ni dharau, hata mtoto anajua. Nikainama, nikaushika kwa mkono wa kulia, nikainua.

Nilisikia pa! Sauti hiyo ilitoka ndani yangu na bado niliangalia huku na huku kutafuta ilikotoka. Kisha kitu kikateremka mkononi chini ya ngozi, kikajikusanya karibu na kiwiko. Mfuko ukaniponyoka. Viazi vikabingirika kwenye mtaro wa maji machafu, kimoja baada ya kingine, na mimi nikakaa chini palepale kwenye tope na koti langu.

Watu wa ploti walikuja mbio. Mmoja akasema vua koti aone damu, na kabla sijakataa walishalivuta, na shati nalo, maana mkono ulishaanza kuvimba. Nikabaki kifua wazi. Mimi niliyevunja masharti ya daktari ili mama huyu asinione bila koti, sasa ananiona bila shati, nimekaa kwenye tope, nalia kwa sauti. Nilitaka ardhi inimeze pamoja na viazi.

Mama mkwe akafunika uso kwa leso, akaugeukia ukuta. Akiwa ameugeukia hivyo, akasema, "Mleteeni kiti."

Hospitali, benchi lilelile. Daktari alikuwa na wanafunzi wake siku hiyo.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimevaa koti."

"Koti?"

"Mama mkwe alikuwa anakuja, daktari. Halafu kukawa na viazi."

Wanafunzi wakang'ata midomo. Kijana mmoja tu hakucheka. Alitikisa kichwa kwa huzuni, akaniuliza kwa Kiluhya kama nilikuwa nimelivaa koti kabla mama mkwe hajaniona. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Afadhali."

Daktari alibonyeza, akatazama picha mpya, akaniambia kano imeng'oka na imechakaa, na kulipasua bega tena hakutanipa nilichokuwa nataka. Bora tuliache, niende fizio, mazoezi ya viungo, mkono urudi kadiri utakavyorudi. Nikauliza swali lile lile moja. Akatikisa kichwa. Sikumlaumu. Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye benchi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimesahau njia.

Msuli wenyewe ulibaki umejikunja chini, karibu na kiwiko, na juu pakawa na shimo. Ukikunja mkono, donge linachomoka. Nawaambia mapema wale ambao yatawapata: haliumi sana, ila watu wataliangalia. Watoto wa ploti walilipenda. "Uncle, fanya hiyo mpira itoke! Uncle, tena!" Nikawa navaa sweta la mikono mirefu hata jua likiwaka. Nilikwenda mara moja kuangalia timu ikicheza Kibera, nikasimama nyuma ya kibanda cha chipsi. Kijana mgeni alikuwa nafasi yangu, akaruka, akachapa, na mtu fulani kwa mazoea akapiga kelele, "Nyundo!" Wengine wakamsahihisha. Nikaondoka kabla mtu hajaniona.

Mama mkwe hakurudi nyumbani Magharibi. Phanice alishindwa na kazi, mtoto na mgonjwa, kwa hiyo mama yake akawa anatoka Kisumu Ndogo kila asubuhi kwa miguu kuja Kawangware kumshika Neema. Na kwa sababu hatuwezi kukaa chumba kimoja, ilinibidi mimi nitoke. Fizio ilikuwa mara mbili kwa wiki, siku nyingine nilikwenda kushinda kwa Ramaa dukani Makina. Yaani yeye anatoka Kibera kuja kwangu, mimi natoka kwangu kwenda Kibera, na kila asubuhi tulikutana hapo Ngong Road, yeye upande ule, mimi upande huu.

Yeye alisimama, akainua mkono wake juu, wazi. Mimi niliinamisha kichwa.

Baridi yote ya Julai na Agosti ilikuwa hivyo. Mkono wake juu, kichwa changu chini. Na sikuwa na koti. Mkono haukuweza tena kuingia kwenye koti bila watu wawili, na nilishaapa hakuna atakayenivisha koti tena. Nilipita mbele ya mama mkwe na sweta, slingi shingoni, magari yakipita katikati yetu, na kila siku niliona aibu upya, haikuzoeleka. Nilijaribu kutoka mapema zaidi nisikutane naye. Na yeye alikuwa ametoka mapema, ili anifanyie kazi zangu.

Halafu nikarudi siku moja nikakuta msumari mtupu.

"Koti liko wapi?"

"Mama amelibeba," Phanice akasema, bila kuinua macho kutoka kwa sufuria.

"Amelibeba kulipeleka wapi?"

"Sijui. Alisema anaenda nalo."

Nilikaa kitandani. Nilielewa hivi: amenivua ukwe. Ameona mtu asiyebeba mzigo, asiyebeba mtoto, asiyejua hata kuinua salamu, akaona koti halimfai. Nikamwambia Phanice, "Mwambie mamako anaweza kukuchukua na wewe, aende nawe."

Phanice akaweka mwiko chini. "Unajua shida yako, Edwin? Unadhani watu wote wanakuangalia. Mimi sina hata time ya kukuangalia. Nachoka." Akaanza kulia, na mimi kwa mkono wangu mmoja sikujua nimfute machozi au nishike sufuria isiungue. Nilishika sufuria. Nayo tuliicheka baadaye, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka.

Dukani kwa Ramaa ndiko nilikofanyia mazoezi. Madam wa fizio alinifundisha kusimama mbele ya ukuta na kutambaza vidole juu, kidogo kidogo, mpaka pale panapouma, na kuweka alama. Ramaa alinichorea alama kwa chaki ya kukatia vitambaa. Alama ya kwanza ilikuwa chini ya kidevu changu. Wateja walinunua vitambaa vyao huku wakipita nyuma ya mtu mrefu aliyesimama anapapasa ukuta. Mama yake Ramaa aliwaambia, "Muacheni, yuko kazini."

"Acha nikuambie," Ramaa akasema siku moja nilipokataa kuendelea. "Wewe hutaspaiki tena, sawa? Nimelia, imeisha. Lakini hiyo mkono si ya kuspaiki peke yake."

"Ni ya nini sasa?"

"Sijui. Ya kupaka rangi. Ya kuchapa mimi. Panda ukuta, buda."

Nikapanda. Siku nyingine alama ilishuka badala ya kupanda, hasa baridi ikizidi, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba itashuka, nikadhani nimeharibu tena. Hukuharibu. Inashuka, inapanda. Endelea.

Koti lilirudi Septemba. Nililikuta kwenye msumari wake, limepigwa pasi. Nilipolishika nikaona mkono wa kulia umefumuliwa. Umefumuliwa mshono mzima, toka shingoni, begani, mpaka kwenye kiganja, na kila upande umepindwa vizuri na bitana ikashikishwa upya, halafu vikawekwa vifungo vyeusi vikubwa kuteremka mpaka chini. Ukilivaa, unaliweka tu begani, linakuzunguka, kisha unafunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Huinui chochote. Vifungo vilikuwa vikubwa kwa sababu mkono wa kushoto haujazoea vidogo. Alikuwa amelifikiria hilo.

"Ameshona mwenyewe kwa mkono," Phanice akasema. "Aunty anasema alikataa cherehani. Eti cherehani inaacha mshono mgumu, itakuchoma kwa kidonda."

Nililiweka begani nikaanza kufunga. Cha juu kilinishinda, Phanice akanyoosha mkono, nikamwambia ngoja, nikakifunga. Nilikuwa nimemtukania mama yake, na yeye wakati huo amekaa Kisumu Ndogo na sindano.

Kesho yake nilifika Ngong Road nimevaa koti. Akaniona. Hakuonyesha dalili yoyote, hiyo ndiyo adabu yetu, lakini mkono wake alipouinua ulikaa juu zaidi kidogo. Mimi nikainamisha kichwa. Bado haukupanda.

Mvua za Novemba zilipoanza, alama ya chaki ilikuwa imefika juu ya kichwa changu. Nilianza kurudi kazini taratibu, kuta za chini tu, dari nikawaachia wengine na wao wakaniita mzee wa sketing, ile mbao ya chini ya ukuta. Nilimbeba Neema kwa mkono wa kushoto, yeye akiwa ameshakuwa mzito. Mkono wa kulia ulichoka haraka na kukaza misuli usiku, na donge liko palepale, naliona sasa hivi nikiandika. Ukiniuliza kama aibu imeisha, nitakuambia haijaisha. Bado nafunga vifungo nikiona mtu wa timu. Ila nimejifunza kutoka nje nayo, badala ya kukaa nayo ndani.

Desemba mama mkwe akarudi kwao. Siku ya kuondoka, Phanice alimsindikiza na mzigo, wakasimama upande ule wa Ngong Road wakisubiri gari la kuelekea stendi. Mimi nilisimama upande huu na Neema mkononi. Sikuweza kuvuka, si desturi. Koti, juu ya fulana isiyo na mikono, lilikuwa limefungwa vifungo vyote isipokuwa viwili vya juu, Neema alikuwa amevichezea njiani akavifungua.

Akaweka mzigo chini. Akanielekea. Akauinua mkono wake wa kulia juu, wazi, kama kila asubuhi.

Nikauinua wangu. Ulipita kifua, ukapita bega. Hapo pakauma, pale pa siku zote, na nikajua watu wa kituo chote wananiangalia. Vifungo vilivyofuata vile viwili navyo vikaachia, mkono wa koti ukafunguka ukaning'inia, na kovu na shimo na donge vikaonekana vyote mchana kweupe. Sikuvifunika. Nikaendelea kuinua mpaka kiganja kikawa juu ya kichwa changu.

Wakati huo huo lori la mchanga likaja likasimama katikati yetu, kumbe mbele kumefungana. Sikumwona tena. Mkono ulianza kuchoka. Neema akaniuliza baba unafanya nini. Nikamwambia namsalimu bibi, nikaukaza mkono hapo hapo, maana sikutaka lori likiondoka akute nimeushusha.

Lori likaondoka. Wake pia ulikuwa bado juu.